Mdomo wa kasuku si ukucha

Sururu alianguka saa nane za usiku. Nilisikia mabawa yakipigapiga, kisha kishindo kwenye vigae, kisha kimya. Nilipowasha taa nilimkuta sakafuni, kifua kimelowa damu, na ncha ya mdomo wake wa juu, kama nusu sentimita, imekatika na kuangukia kando ya mguu wa meza.

Ni kasuku wa kijivu wa mama mkwe wangu. Jina la Sururu alipewa kwa ajili ya huo mdomo wenyewe. Tunaishi Muscat, na nyumba za Waswahili wengi hapa utasikia kasuku anaitikia salamu kabla ya mwenye nyumba. Wiki moja kabla ya usiku ule nilikuwa nimempeleka dukani akapunguzwa manyoya ya mabawa, maana niliogopa feni la dari. Wakampunguza mno, na bawa moja zaidi ya lingine. Kasuku akishtuka gizani hutaka kuruka. Mwenye mabawa atagonga pazia na kutua. Aliyekatwa hushuka kama jiwe, na huyu wa kijivu ni mzito, kwa hiyo kinachotangulia chini ni kifua au mdomo. Mimi ndiye niliyemzoesha kulala juu ya tundu, na sakafu yetu ni vigae vitupu. Bado inaniuma.

Damu kwanza. Sururu ana gramu 430. Damu ya ndege ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo yote aliyonayo ni mililita arobaini na kitu, haijai hata kikombe kimoja cha kahawa ya buni. Ndiyo maana usisubiri ikatike yenyewe. Nilimfunga kwa taulo, kifua nikakiachia nafasi, kwa sababu ndege hupumua kwa kutanua kifua na ukimbana hapo utamuua kwa nia njema. Nikachukua konifulawa, ule unga tunaopikia kastadi, nikaushindilia pale penye ncha kwa kitambaa safi, nikahesabu dakika tatu bila kuchungulia. Ikakatika. Unga huo ni wa ncha tu. Usiuingize mdomoni wala karibu na tundu za pua.

Kisha boksi, taulo chini, taa imezimwa, mahali penye joto. Sikumpa dawa yoyote ya maumivu ya binadamu, na wewe usimpe. Mtu mmoja alinipigia simu alfajiri akaniambia niigundishe ile ncha kwa gundi kali. Nashukuru sikuipata. Gundi hufungia uchafu ndani, na ikichuruzika kwenye ulimi au pua umeongeza msiba mwingine. Daktari ana vifaa vyake vya kuziba mdomo, na hata yeye huanza kwa kusafisha.

Asubuhi nilitaka kuahirisha. Damu imekoma, ndege amesimama, nikajiambia mdomo ni kama ukucha, utaota. Mama mkwe ndiye aliyenigomea. "Mwanangu, huyu hajanena neno tangu alfajiri. Twende."

Daktari alinionyesha picha ya eksirei. Kinachofanana na ukucha ni ganda la nje tu, la keratini. Ndani yake mna mfupa, na kati ya ganda na mfupa mna mishipa ya damu na ya fahamu, inayofika karibu kabisa na ncha. Kasuku hupapasa dunia kwa ncha ile kama sisi kwa vidole. Tena mdomo wake wa juu una bawaba pale unapokutana na fuvu. Ndiyo maana huweza kuuinua, na ndiyo maana pigo la ncha linaweza kuwa limetikisa hata kichwa. Ncha ikikatika huota tena, kwa sababu ganda hukua maisha yote kutoka kwenye shina. Shina likipasuka au kupondwa, mdomo unaweza kuota kombo daima au usiote kabisa. Kwa macho yangu nisingejua ni lipi kati ya hayo limetokea. Tulibahatika: shina zima, mfupa haukuvunjika. Akapewa dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake.

Lakini kilichokaribia kumuua Sururu ni njaa, na hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi. Bakuli lilijaa mbegu. Alikuwa akienda, anaokota alizeti, anaigeuza kwa ulimi, anajaribu kuibana, anashtuka, inaanguka. Anaokota nyingine. Kwa mbali ungeapa kwamba anakula. Mzani wa jikoni ndio uliosema kweli: siku ya tatu alikuwa na gramu 398. Ndege akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito yuko hatarini, na sisi tulikuwa tunaukaribia mstari huo huku bakuli limejaa. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike.

Tukageuza jiko. Viazi vitamu vilivyopondwa, adesi zilizoiva mpaka zikalainika, boga, papai bivu, vyote vya uvuguvugu. Mama mkwe alimlisha kwa kijiko cha chai akimsemesha polepole, na jioni ya nne alilamba kijiko chote. Usimminyie maji au uji kwa bomba la sindano kama hujaonyeshwa na daktari. Ukikosea njia huingia mapafuni.

Daktari aliuliza pia ndege anakula nini siku zote. Alizeti, nikasema, na karanga. Akanionyesha magamba yaliyoinuka kwenye mdomo. Vumbi na ngozi nyembamba inayobambuka ni kawaida kwa kasuku wa kijivu, ila huu ulikuwa mkavu na umelegea tabaka kwa tabaka. Mbegu tupu zina mafuta mengi, vitamini A na kalisi haba, na ndege hawa wa kijivu hupungukiwa kalisi upesi, hata kufikia kutetemeka na kuanguka. Siku hizi anapata karoti, mchicha na pilipili hoho nyekundu, hata pilipili kali, maana ndege hahisi ukali wake. Jua la asubuhi analipata barazani. Nyuma ya kioo halimsaidii, kwa kuwa kioo huzuia ile mionzi anayoihitaji.

Na ukiona mdomo unarefuka ovyo, usishike mkasi wala tupa. Mara nyingi ini ndilo linalougua, na ukikata utamtoa damu na kuificha dalili. Wale kasuku wadogo wa Australia wakiota ukoko wenye vishimo kando ya mdomo, ni utitiri, na una dawa yake.

Wasomaji wa Mombasa huniambia wanaogopa kwenda kwa daktari kwa sababu hawana kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Naielewa hofu hiyo. Tangu 2017 kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, na sheria imekaza. Shughulikieni kibali sasa, ndege akiwa mzima, msije mkamwacha afe sandukuni kwa kuogopa karatasi.

Sururu sasa analala ndani ya tundu, kitaa kidogo kinawaka ukumbini, na chini nimetandika zulia. Tumempa tawi la mkunazi lenye gome, analitafuna na kusugulia mdomo. Mwezi wa tano ncha ilikuwa imerudi, imepinda kushoto kidogo. Siku alipopasua lozi ya kwanza mama mkwe aliniita kutoka jikoni, tukasimama wote wawili kumtazama mpaka alipoimaliza. Mabawa yameota tena. Feni ndilo nililoling'oa.