Kazi imekauka, nitulie wapi? Majibu kwa wasanii walioniandikia

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini kilio chao ni kimoja: mkono upo, vifaa vipo, hamu ya kazi imekwisha. Nimechagua yale yanayohusu kutoka nje na kutulia penye miti au maji. Ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote, na naona wengi wanainywa kwa pupa kisha wanasema haifanyi kazi.

Shikamoo mwalimu. Nachora Tingatinga, nauza kwa wageni. Tembo, twiga, chui, machweo ya jua, miaka yote ni hiyo hiyo. Siku hizi mkono unajiendea wenyewe na sioni raha yoyote. Wenzangu wanasema niende mbugani nikapate mawazo mapya, ila nauli na kiingilio sina. (Mchoraji, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Mbuga iweke kando kwanza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapo Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akafariki. Alikuwa mtu wa Tunduru, nchi ya miombo, na wanyama na ndege aliowachora alikuwa na nchi iliyomfundisha kuwajua. Wewe umerithi mtindo wake bila ile nchi iliyokuwa nyuma yake. Sishangai mkono ukijiendea. Unahitaji nchi yako mwenyewe, hata iwe ndogo kiasi gani.

Nenda kwenye mikoko. Ipo Kunduchi, ipo Mbweni, ipo hata pale Mto Msimbazi unapoingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Nauli ni ya daladala. Enda maji yakiwa yanakupwa, vaa viatu usivyovionea huruma, tafuta jiwe au gogo ukae, na penseli ibaki mfukoni. Mwanzoni utaona matope matupu, kwa sababu kaa wameona kivuli chako wakaingia mashimoni. Usijitingishe. Baada ya dakika chache atachungulia mmoja, kisha mwingine, na muda si mrefu matope yote yanatembea. Wale wadogo, madume wao wana gando moja kubwa ajabu na jingine dogo la kulia chakula. Lile kubwa hulipunga juu na chini kuita majike na kutishana wao kwa wao. Ni jekundu au la rangi ya waridi, na juu ya matope meusi yanayong'aa rangi hiyo inasimama yenyewe bila kuzungushiwa mstari. Ukikohoa tu, wote wametoweka, na unaanza kusubiri upya.

Kisha itazame miti. Mkoko una mizizi inayojipinda kutoka shinani na kujikita matopeni. Mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, mizizi yake inachomoza wima kutoka ardhini kama vidole, mamia kwa mamia, ili ipate hewa ambayo matope hayana. Chuma jani la mchu ulilambe. Lina chumvi, kwa sababu mti unaitoa chumvi ya bahari kupitia majani yake. Ukishalionja jani hilo, mkoko hautakuwa tena doa la kijani unalolipachika pembeni ya jahazi ili kujaza nafasi.

Tena mtindo wako unayapenda haya: rangi bapa, umbo linalojirudia, uwanja uliojaa. Endelea kuuza tembo, watoto lazima wale. Lakini kila wiki tenga kibao kimoja kidogo kisicho na mteja, uchore humo ulichokiona kwa macho yako.

Nikipiga picha kwa simu halafu nikachorea nyumbani si sawa tu? (Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo)

Piga ukishamaliza kuchora, usipige kabla. Ukipiga kwanza, macho yanaona kazi imekwisha na yanalala. Mchoro mbaya uliochorwa papo hapo, tawi limepinda vibaya na kivuli kimekosewa, utakukumbusha upepo ulivumia upande gani. Picha kali ya simu haitakukumbusha hilo.

Mimi ni malenga, nipo Mombasa. Kila Jumapili saa kumi jioni naenda ufukweni kutafuta mashairi. Nakaa saa nzima, narudi mikono mitupu.

Kaka yangu, hiyo saa nzima simu ilikuwa wapi? Nauliza kwa sababu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, Ruth Ann Atchley, David Strayer na Paul Atchley, walichapisha matokeo ya watu 56 waliotembea porini siku kadhaa bila simu wala kompyuta. Waliopimwa siku ya nne walipata alama zilizozidi kwa asilimia 50 za wale waliopimwa kabla ya kuondoka. Kazi waliyopewa ilikuwa kutafuta neno moja linalounganisha matatu yasiyohusiana, na hiyo inakaribiana sana na kazi ya mtu anayesaka vina. Watafiti wenyewe walisema hawawezi kutenganisha kama lililosaidia ni pori au ni kukosa simu. Kwako wewe haidhuru, unaweza kuchukua yote mawili. Mwachie mtu simu nyumbani.

La pili ni kubwa zaidi. Bahari ina saa zake na wewe unaiendea kwa saa zako. Maji huchukua zaidi kidogo ya saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukienda kila Jumapili saa kumi, wiki hii unayakuta yamejaa, wiki ijayo yamekupwa, na hujawahi kukaa ukayaona yakigeuka. Chagua siku moja ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, wakati maji yanapokwenda mbali sana na kurudi kwa nguvu. Kaa tangu yanapoanza kurudi mpaka yafike ukutani. Andika mambo kwa mpangilio yanavyotokea: waliokuwa wakisaka pweza nani aliondoka kwanza, ndege gani walihama mwambani, ni wapi sauti ya mawimbi ilibadilika. Siku hiyo usihesabu mizani. Wavuvi wakiwa karibu, wasikilize wanavyoutaja upepo na maji, kwa sababu hao ndio wenye ghala la maneno unayoyatafuta. Beti zitakuja siku nyingine, ukiwa umekaa na hayo uliyoandika.

Mwalimu, natengeneza batiki, nina watoto wawili wadogo, naishi kihambani kwa wakwe zangu nje ya Moshi. Nikisikia watu wanasema "nenda ukatulie kwenye asili" moyo unaniuma. Muda nautoa wapi?

Pole na kazi, dada. Wanaosema hivyo mara nyingi wana mtu wa kuwapikia. Nusu saa inatosha, na huna haja ya kutoka nje ya kihamba, kwa maana kihamba cha Wachaga chenyewe ni msitu uliolelewa na watu: miti mirefu ya kivuli juu, migomba katikati, kahawa chini yake, na magimbi penye unyevu.

Chagua mgomba mmoja tu, na uwe ni huo huo kila siku. Simama chini yake asubuhi jua likiwa bado chini, uangalie juu. Mwanga ukipenya jani utaona mshipa mnene wa katikati na mistari myembamba iliyopangana kwenda ukingoni. Upepo ukilichana jani, hulichana kwa kufuata mistari hiyo, basi kila mgomba una mchano wake na bado yote ni ya ukoo mmoja. Wewe mwenye nta mkononi jiulize: hapa ningeziba wapi kwanza ili weupe ubaki? Mgomba ukitoa ua, subiri ndege chozi aje kunyonya. Shingo yake inameta kijani, akigeuka kidogo inakuwa nyeusi. Rangi hiyo hutaipata kwa kuchovya mara moja, na kufikiria utaipataje ni kazi tosha ya wiki nzima.

Watoto waje nao. Mtoto akikutana na msafara wa sisimizi huchuchumaa hapo hapo, wala hasogei mpaka aitwe. Mara moja moja chuchumaa naye badala ya kumwita.

Ninapiga picha, naishi Nairobi. Natamani kukaa msituni peke yangu bila haraka, lakini ni mwanamke na naogopa. Ndugu zangu wanasema ni kujitafutia balaa.

Hofu yako ni ya haki na sitakuambia uipuuze. Mtu anayegeuka nyuma kila dakika hawezi kutulia, hata msitu uwe mzuri namna gani. Anza na Karura. Ni msitu wa hekta zipatazo 1,000 ndani ya jiji, wenye uzio, malango ya kulipia na walinzi, na wanawake wengi hutembea na kukimbia humo asubuhi. Ulikaribia kugawanywa viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti pale, na hawakuacha. Mimi kila ninapoukumbuka msitu huo namshukuru mama yule, kwa sababu bila ukaidi wake leo ningekuwa nakuelekeza kwenye mtaa wa maghorofa.

Nenda na mwenzako mnayeaminiana, mpatane kukaa kimya, kila mmoja mahali pake lakini mnaonana. Kaa karibu na njia. Mwambie mtu wa nyumbani saa ya kurudi. Chukua lenzi moja, na muda wa kwanza kamera ibaki begini mpaka macho yazoee giza la chini ya miti. Mbega nao huanza kuendelea na shughuli zao wakishakuona huna habari nao.

Napiga udi katika kundi letu la taarabu hapa Muscat, sisi tuliotoka Zanzibar. Huku ni mawe na joto, asili gani nitaitafuta?

Mawe na maji ya Oman ni utajiri kwa mtu wa sauti. Panda Nizwa baada ya sala ya alfajiri, ukae kando ya Falaj Daris, mmoja kati ya mifereji mitano ya kale iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yake huja kwa mteremko mtupu, bila mashine, na sauti hubadilika mfereji unapobana na unapopanuka. Sikiliza hayo kabla ya kugusa udi. Ukipata likizo kati ya Julai na Septemba, nenda Salalah wakati wa ukungu na manyunyu. Ila mawingu yakionekana milimani usikae ndani ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, mafuriko ya huko huja ghafla.

Mimi ni mchongaji mpingo, Mtwara. Baba yangu ndiye aliyenifundisha. Nikikaa chini ya mti nikitazama tu, ananiita mvivu mbele za watu. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa maneno, ni mzazi na ni fundi wako. Maliza kwanza kazi aliyokupa, halafu uende. Ukweli ni kwamba baba yako naye hutazama sana, ila yeye hutazama akiwa ameshika gogo. Mwangalie asubuhi moja: analigeuza, anatafuta ufa ulipo, kifundo kilipo, kiini cheusi kinaishia wapi na ule ubao mweupe wa nje unaanzia wapi. Hilo gogo ndilo linalomwambia kama atatoka mtu, ukoo wa watu waliobebana, au shetani. Anaweza kukaa nalo muda mrefu kabla patasi haijagusa. Huo nao ni utulivu, na umeurithi kutoka kwake.

Kinachowapungukia vijana wengi wa siku hizi ni kumjua mpingo akiwa hai. Magogo huja kwa gari, yamekatwa tayari. Tafuta mpingo uliosimama, katika misitu ya Mtwara, Lindi au Kilwa. Utashangaa ulivyo mdogo: mti wa miiba, shina limepindapinda, aghalabu mashina kadhaa kutoka kwenye mzizi mmoja, majani madogo yanayopukutika kiangazi, na maua meupe yenye harufu nzuri. Inasemwa huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kimo cha kuvunwa. Kaa chini ya mti huo, pitisha mkono kwenye yale mapindo, ufuate kila moja linakoelekea. Kisha mwombe baba akusindikize siku moja akuonyeshe mti upi yeye angeuchagua, na kwa nini. Wazee wa kazi hii hawakatai ombi la namna hiyo, na mkiwa mmekaa wawili hapo chini, suala la uvivu litakuwa limekwisha.

Naandika riwaya. Nilipanda Amani, Usambara Mashariki, nikakaa siku tatu. Sikuandika hata ukurasa mmoja. Nimepoteza fedha zangu?

Hapana. Ulikwenda na deni kichwani, ukautaka msitu ukulipie. Msitu ulikupa ulichoweza kupokea kwa siku tatu, na siku ya kwanza na ya pili karibu zote ni za kupumua na kusahau kelele za mjini.

Nakuuliza jambo moja: uliyaona maua ya urujuani ya Usambara? Yale yanayouzwa kwenye vyungu vidogo madirishani huko Ulaya asili yake ni milima hiyo. Mbegu zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni aliyekuwa Tanga, na mwaka 1893 mmea ukapewa jina lake la kisayansi. Porini ni mmea mdogo wenye majani ya manyoya mafupi, umejibana kwenye mwamba wenye unyevu na kivuli, mara nyingi karibu na kijito. Watu hupita hatua mbili kutoka ulipo wakiwa wanatazama vilele vya miti.

Rudi. Safari hii usibebe mswada kabisa, beba daftari tupu. Waombe waongozaji wa hifadhi wakuonyeshe mwamba mmoja tu, ukae hapo asubuhi na urudi hapo jioni. Usiku andika ulichoona, ulichosikia na ulichonusa, kwa sentensi za kawaida, bila mhusika wala tukio. Ukishuka Muheza funga daftari, usilifungue mpaka sura unayoiandika ikwame. Na chukua sweta, Amani usiku kuna baridi.