Hesabu ya Mayai Kabla ya Kupanda Jukwaani

Mwaka 2024 nilipanda jukwaani Kampala kwa mara ya kwanza, kwenye mashindano ya kutunisha misuli, chupi ya pozi imekazwa kiunoni kwa uzi wa dharura. Kwenye suruali niliyoiacha nyuma ya pazia mlikuwa na shilingi 14,000 za Uganda. Nauli ya kurudi Arua, nyumbani kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilikuwa 90,000.

Na si kwamba sikujipanga. Nilikuwa na akiba ya 500,000 niliyoidunduliza kwenye biashara yangu ya spea za boda, na nilijiona mtu makini. Mashindano yalipokwisha nikakaa na daftari, nikakuta nimetumia milioni moja na nusu na zaidi. Tangu hapo kila kijana pale jimu anayeniambia "kaka, na mimi mwaka huu napanda," swali langu la kwanza ni mayai. Mambo ya misuli tunayazungumza baadaye.

Kosa langu lilikuwa hili: niliipigia hesabu siku moja, ile ya taa na makofi. Ada ya kujiandikisha, chupi, mafuta, basi. Zile wiki 14 za kabla yake sikuzihesabu kabisa, kwa sababu nilijiambia kula ninakula kila siku hata hivyo.

Nilianza na kilo 78, nikataka kupanda na 70. Ukipunguza kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wako kwa wiki, misuli inabaki na mafuta ndiyo yanayoondoka. Ukikimbilia zaidi ya hapo unaanza kujila mwenyewe. Kwa hiyo wiki 14 hazikuwa anasa. Na katika wiki hizo zote, huku posho (ugali) na muhogo vikipungua kwenye sahani, protini haitakiwi kushuka. Mimi nililenga kama gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, yaani 150 hivi kwa siku.

Sasa chukua kalamu. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Nilikuwa nakula mayai manane kwa siku, siku 98: ni mayai 784, trei 26. Wakati ule trei ilikuwa inacheza kwenye 13,000, kwa hiyo 338,000. Hapo akiba yangu ilikuwa imebaki na 162,000 na bado sijagusa nyama.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kocha aliyeniambia. Nina watoto wawili. Huwezi kukaa mezani ukabandua mayai manane mbele ya watoto wawili wanaokutazama. Wiki ya pili mke wangu akauliza, kwa upole unaotisha kuliko kelele, "Baba watoto, hayo mayai ni ya mashindano au ni ya nyumba?" Kuanzia siku hiyo yakawa ya nyumba. Nilimaliza na trei 34, si 26. Kama unaishi na watu, panga bajeti ya sufuria nzima, na ukae na mwenzako mapema mkubaliane ni kitu gani nyumba itakisubiri. Sisi tulisubiri mabati ya jikoni. Mvua ilinyesha, nikasikia maneno, na nilistahili.

Kilichoniokoa ni mukene, dagaa wetu. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kilo nilinunua 12,000 sokoni, maana yake gramu moja ya protini ilinigharimu chini ya shilingi 24. Kwenye yai gramu hiyohiyo ni kama 72. Kwenye nyama ya ng'ombe, kilo ikiwa 16,000, ni kama 80. Nilikula gramu 100 za mukene kila siku, nyama robo kilo mara nne kwa wiki, na maharage kidogo, kwa sababu maharage ni rahisi lakini yanakuja na wanga wake, na wiki za mwisho wanga una nafasi ndogo. Waoshe mukene mara tatu, wale wana mchanga. Wakaange bila mafuta, weka nyanya na ndimu. Kufikia wiki ya kumi utawachukia, ila mfuko wako utawapenda.

Lile kopo kubwa la unga wa protini ndilo jeraha langu. Nililinunua 280,000 katika duka moja la mjini kwa sababu kila picha niliyoiona ya mtunisha misuli ilikuwa na kopo pembeni. Hata kama lingekuwa la kweli, vipimo 70 vya gramu 24 za protini, ingekuwa shilingi 167 kwa gramu, mara saba ya mukene. Na sidhani lilikuwa la kweli. Muhuri wa ndani ulikuwa umebandikwa upya, na ladha ilikuwa ya sukari na maziwa ya mtoto. Unga huo si dawa, ni chakula kilichokaushwa, na una faida kwa mtu asiye na muda wa kupika. Mimi muda nilikuwa nao.

Kuhusu nguo, chagua kwanza kundi lako la mashindano, ndipo utafute fundi. Ukiingia kundi la fiziki utavaa kaptura pana ya kuogelea, na hiyo utaipata kwenye mivumba (mitumba) ya soko la Owino, Kampala, kwa bei ya soda chache. Mimi niliingia kundi la uzito, la chupi na pozi saba za lazima. Fundi wa Arua alinishonea kwa 25,000, kazi safi, kitambaa kizito kisichoonyesha. Lakini nilipimwa wiki ya sita. Kufika Kampala kiuno kilikuwa kimekwisha na chupi inateremka, ndiyo maana ya ule uzi. Fundi wa pale Arua Park, stendi ya mabasi ya kwetu iliyoko Kampala, alitaka 5,000 na akacheka bure. Pimwa wiki mbili za mwisho.

Rangi na mafuta nilitenga 60,000, zikatosha. Hata sisi weusi tunahitaji rangi kidogo, taa zinafuta mistari. Mafuta yawe kidogo, majaji hawataki mtu anayechuruzika. Beba shuka lako la zamani, kwa sababu loji ya 40,000 kwa usiku ilinitoza 20,000 nyingine kwa shuka nililolichafua.

Nyuma ya pazia kuna mtu alinipa vidonge vya kukojoza, 15,000 tu, "vikaushe ngozi." Vilikuwa miongoni mwa vitu vya bei rahisi nilivyotajiwa safari ile. Mohammed Benaziza, bingwa kutoka Algeria, alifariki 1992 saa chache baada ya mashindano Uholanzi, mwili umekaushwa maji. Nilikunywa maji yangu kama kawaida, nikawa wa nne kati ya saba, na sijui kama ningekuwa wa tatu. Zawadi ya pesa ilikuwa ya wa kwanza peke yake, kwa hiyo usiiweke kabisa kwenye safu ya mapato.

Njia ndiyo ilinimaliza. Mwaka ule Daraja la Karuma, la kuvukia mto Nile kwenda kwetu, lilikuwa kwenye matengenezo na mabasi ya West Nile, eneo la Arua, yakazungushwa kupitia Masindi na mbuga ya Murchison. Nilikuwa nimepanga 60,000 kwa kila upande, nikalipa 90,000, na safari ikawa ndefu kiasi kwamba nililala Kampala siku tatu badala ya mbili. Mwili wenye njaa ya wiki 14 haupandi basi usiku na kupanda jukwaani asubuhi yake.

Siku hizi nawashauri wagawe pesa mara mbili, na zisikae simu moja. Ya chakula yote iwepo kabla ya wiki ya kwanza, au angalau trei na mukene wa mwezi mzima viwe ndani, kwa sababu pesa ikikatika wiki ya kumi utakata nyama, na hapo ndipo misuli inapotoka. Kama haijatimia, subiri mashindano yajayo, vyuma havikimbii. Ya safari mwekee mke au dada, akutumie kwa awamu. Nauli ya kurudi aitume siku ya mwisho, baada ya matokeo, saa ambayo utakuwa na njaa kali na Arua Park nzima inanuka nyama choma.