Maswali na majibu: koki ya mafuta kwenye pikipiki za zamani

Maswali mengi ya safari hii yanahusu kitu kimoja, koki ya mafuta, ile iliyo chini ya tangi inayofungua na kufunga petroli, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Koki tunaisahau mpaka ivuje, na ikivuja tunaikatia tamaa mapema mno. Nyingi zinatengenezeka kwa raba ndogo na bisibisi.

Assalaam alaykum fundi. Nina Honda CG125 ya marehemu baba. Usiku naiingiza ukumbini, na asubuhi nyumba nzima inanuka petroli. Koki imelowa pale kwenye mkono wa kugeuzia. Ninunue mpya? (Msomaji, Jang'ombe)

Wa alaykum salaam ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. Kabla ya koki, nakuomba sana: usiilaze ndani pikipiki inayovuja, hata usiku mmoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatokea dirishani, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa au friji linalojiwasha lenyewe. Kama huna pa kuiweka nje, mimina petroli yote kwenye dumu lenye kifuniko, na dumu likae nje.

Koki yenyewe usiitupe. Ikilowa kwenye mkono, mara nyingi kilichokufa ni raba ya ndani yenye matundu. Tangi likiwa tupu, fungua skrubu mbili ndogo zinazoshika bamba la mbele. Zitatoka bamba, springi bapa, mkono, halafu raba. Piga picha kwa simu kila hatua, maana springi ikirudi kinyume koki haitafunga. Raba nzima ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea na kurudi. Iliyokufa ni ngumu, inang'aa, na imechimbika duara pale mkono unapozungukia. Angalia pia uso wa mkono unaogusana nayo. Ukiwa na mikwaruzo, lowesha msasa laini kabisa, ulaze juu ya kipande cha kioo, usugue taratibu mpaka uso uwe sawa. Usipofanya hivyo raba mpya itakatika upesi.

Weka raba, matundu yake yaangaliane na ya koki, kaza skrubu kwa zamu bila kulazimisha. Silikoni usipake. Petroli huilainisha, na vipande vyake huishia kwenye jeti, kile kitundu chembamba cha petroli ndani ya kabureta. Kama unyevu uko juu zaidi, pale koki inapokutana na tangi, basi ni oringi, ile raba ya duara, badilisha.

Halafu jizoeze kufunga koki kila unapoegesha. Sindano ya floti, inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, ikiwa ya zamani haizuii tena kama ilivyokuwa, na koki ikibaki wazi usiku kucha petroli inaweza kushuka mpaka kwenye injini. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Ikiwa oili imepanda kuliko ulivyoijaza, au inanuka petroli, imwage uweke nyingine kabla ya kupiga kiki. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno, hailindi chuma.

Fundi, Suzuki yangu ya zamani koki yake haina OFF. Ina ON, RES na PRI. Siku hizi inatoa moshi mweusi. Koki inahusika? (Msomaji, Chake Chake)

Inaweza kuhusika kabisa. Hiyo ni koki inayofunguliwa na injini yenyewe. Ina mipira miwili: mnene unapeleka petroli kwenye kabureta, mwembamba unatoka kwenye njia ya kuingilia injini. Injini ikizunguka inavuta hewa kupitia ule mwembamba, na mvuto huo unaivuta raba nyembamba iliyomo ndani ya koki, mafundi wanaiita diaframu, petroli ikapita. Ukizima, springi inairudisha na njia inajifunga. RES ni akiba, petroli ya chini ya tangi. PRI inapitisha petroli bila kusubiri injini. Itumie tu kabureta ikiwa imekauka, kisha rudisha ON.

Zima injini, chomoa mpira mwembamba, utazame ndani. Ukiona petroli, diaframu imetoboka na injini inanyonya petroli kupitia tundu hilo, na moshi wako unatoka huko. Sasa chomoa mnene, uelekeze kwenye chupa, koki iwe ON. Lisitoke hata tone. Ikidondosha, koki haifungi.

Spea za diaframu zipo kwa baadhi ya koki. Usipopata, funga koki ya kawaida yenye OFF, lakini kile kichuchu cha mpira mwembamba kwenye injini ukizibe kwa raba na klipu. Ukikiacha wazi, injini itavuta hewa ya ziada, mafuta yatapungua na itachemka.

Mimi ni wa bodaboda. Tambarare inakwenda vizuri, lakini nikipakia abiria na kupanda mlima inakata kama imeishiwa. Nikisimama kidogo inawaka. (Msomaji, Wete)

Mlimani injini inakunywa petroli zaidi kuliko koki yako inavyopitisha. Bakuli la kabureta linakauka, ukisimama linajaa tena.

Pima hivi, nje, injini imepoa, mbali na sigara. Chomoa mpira kwenye kabureta, uingize kwenye chupa ya kioo, fungua koki. Utoke mkondo usiokatika. Uache uendelee dakika mbili tatu kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa. Mkondo ukidhoofika, fungua kifuniko. Ukirudi na nguvu, koki haina kosa: tundu la hewa la kifuniko limeziba kwa vumbi, hewa haiingii kuchukua nafasi ya petroli inayotoka. Lizibue kwa upepo wa kompresa.

Mkondo ukiwa dhaifu kifuniko kikiwa kimefungwa na hata kikiwa wazi, toa koki uangalie chujio lake linaloingia tangini. Utakuta limevaa tope la kahawia. Lioshe kwa petroli na brashi laini.

Iangalie na chupa uliyokingia. Maji ni mazito kuliko petroli, utayaona chini yamejikusanya matone. Kwa hiyo usiendeshe RES kila siku, kama wanavyofanya wenzako wengi. RES inanyonya chini kabisa, kwenye maji na kutu, na siku petroli ikiisha kweli huna akiba.

Fundi wangu anataka kutoa koki na kuunga mpira moja kwa moja. (Msomaji, Mkokotoni)

Usikubali. Mpira ukichomoka njiani juu ya injini yenye moto, utafunga nini?

Nakaa Paje, tangi limekula kutu ndani. Kila nikisafisha koki inaziba tena. (Msomaji, Paje)

Dada yangu, tibu tangi kwanza. Toa koki, ziba tundu lake, tia nati chache, tikisa, mwaga. Kisha jaza siki nyeupe pomoni, iache siku moja au mbili. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uishe, suuza tena kwa maji matupu, na ukaushe hapo hapo kwa upepo wa kompresa. Moto usisogezwe. Usingoje kesho: chuma kitupu kwenye hewa ya bahari kinarudi kutu upesi. Tia petroli yenye oili kidogo, izungushe ndani yote. Funga na filta ndogo ya plastiki kwenye mpira, mshale ufuate petroli inakokwenda. Kama pikipiki itakaa wiki kadhaa, iache na tangi limejaa.

Tangi likitoboka njiani, kweli sabuni inaziba? (Msomaji, Makunduchi)

Inaziba tundu dogo. Zima injini, iache ipoe, pangusa, sugua kipande kikavu cha sabuni ya mche mpaka kijae. Petroli haiiyeyushi, ila maji yanaiyeyusha, kwa hiyo mvua ikinyesha usiitegemee. Nenda moja kwa moja kwa fundi, na umwambie tangi lilikuwa na petroli kabla hajalisogezea moto wa kuchomelea.