Barua kwa mwanangu: Denmark au Uswidi

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku hapa Chumbageni, Tanga, bibi yako ananiuliza nacheka nini. Umepata kazi Copenhagen, unauliza uhamie hukohuko au ubaki Malmö uvuke daraja kila siku: wapi maisha bora, Denmark au Uswidi? Ukaniwekea na ile orodha ya furaha ya 2025, Denmark ya pili, Uswidi ya nne. Haya. Walioipanga hawajakaa ndoa yangu.

Mimi husema mshahara hauli nawe meza moja, nawe hunicheka. Cheka. Baba yako ni mzaliwa wa Denmark, lakini tulipooana 2002 akakuta sheria mpya: mke wa kutoka nje haletwi mpaka wote wawili wawe wametimiza miaka 24. Mimi nilikuwa na 22. Bibi yako wa Odense alikuwa ameshatutandikia chumba. Tukaishia ng'ambo ya maji, Malmö, kama wengi waliokwama na sheria ile, maana Mdenmark akihamia Uswidi, sheria za Umoja wa Ulaya zilimruhusu kuishi na mkewe. Daraja lilikuwa na miaka miwili tu tangu lifunguliwe. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, nikawa nakubeba mgongoni nikinunua bamia soko la Möllevången.

Kwa hiyo ungedhani nitakuambia Uswidi. Ngoja.

Januari 2016 aliyenisimamisha si Denmark, ni Uswidi hiyohiyo. Walianza kudai vitambulisho kwa kila anayetoka Denmark kwa treni. Tukawa tunashushwa Kastrup, kituo cha uwanja wa ndege wa Copenhagen, tunapanga foleni kwenye baridi. Siku moja changu nimekisahau kwenye koti jingine. Nikatoa kadi ya maktaba! Kijana mwenye kizibao cha njano akatikisa kichwa. Watu niliokuwa nikisalimiana nao kila jioni behewani wakanipita wanatazama viatu vyao. Hilo ndilo lililoniuma, foleni si kitu. Nawe, miaka 12, uko peke yako nyumbani, unanipigia kuuliza wali unatiwa maji kiasi gani. Nikakuelekeza meno yakigongana, sikukuambia nilipo. Baba yako akatoka kazini Lund, akapitia nyumbani, akaniletea kitambulisho saa mbili usiku. Wali ulikuwa umeungua. Tukaula.

Sasa nikuambie nini? Mmoja alinifungia mlango, mwingine akanifungulia, halafu akaniuliza mimi nani. Ukilipwa krona za Denmark na kupanga Malmö, ambako nyumba ni nafuu, hesabu inakaa vizuri, sikatai. Lakini mshahara hauli nawe meza moja. Ingawa, haki isemwe, mshahara ndio ulionikatia tiketi ya kuja kumwona bibi yako akiwa bado ananitambua, kwa hiyo pengine mama yako apunguze maneno.

Ukinibana sana nitasema ubaki... hapana, sisemi. Baba yako atadai nimekuchagulia, na safari hii atakuwa na haki.

Zamu yetu ya chumba cha kufulia ni Jumatano saa moja jioni. Yule mama wa ghorofa ya tatu ameshatubandikia vikaratasi viwili; toa nguo mapema, na chujio la mashine ya kukaushia usiliache na manyoya.

Mama yako