Kabla ya kuuliza "lini", uliza "nani yuko"

Miaka kadhaa iliyopita jumuiya yetu ilisoma Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia, kwa kalamu na kikokotoo, tukitaka kujua mwisho utakuja lini. Tuligeuza herufi za majina ya watu kuwa namba, tukazijumlisha hadi zitoe 666, hesabu ya mnyama anayempinga Mungu (13:18). Kwa miezi mitatu hiyo mama mmoja wa jumuiya alikuwa mgonjwa kitandani, na hatukwenda kumwona. Tulipomkumbuka, alitupokea vizuri, akauliza tu: "Mlikuwa wapi?"

Swali lile lilinirudisha sura ya kwanza. Salamu ya Yohana haina tarehe. Inatoka "kwake yeye aliyeko na aliyekuwako na atakayekuja" (1:4). Katika Kigiriki, jina likifuata neno "kutoka kwa" hubadilika umbo. Hili la Mungu Yohana aliliacha lilivyo, kama asiyethubutu kuligusa. Ni mwangwi wa kichaka kilichowaka moto, ambapo Mungu alimtajia Musa jina lake: "MIMI NIKO AMBAYE NIKO." Tena hakuandika "atakayekuwako", kama mfuatano ulivyodai. Aliandika "atakayekuja". Kuwako kwa Mungu huyu ni kutujia.

Kiswahili chetu kinanisaidia sana hapa, maana yupo, yuko na yumo vyote vina mahali ndani yake. Basi Aliyeko yuko wapi? Anatembea katikati ya vinara saba (2:1), na vinara ni makanisa (1:20): sharika halisi za miji ambayo leo iko Uturuki, zenye ugomvi na uchovu wake. Mnyama, kinyume chake, "alikuwako, naye hayuko" (17:8). Na Sardi, mojawapo ya makanisa hayo saba, iliambiwa neno linalonitisha kuliko mnyama: "una jina la kuwa hai, nawe umekufa" (3:1). Kumbe kanisa linaweza kuwa na ibada, kwaya na bango barabarani, lisiwepo.

Ushauri wangu: weka kikokotoo kando. Someni kitabu kizima kwa sauti, kwa kupokezana, kwani 1:3 inambariki asomaye na wanaosikia. Mkifika sura ya 2 na ya 3, tajeni usharika wenu badala ya Efeso au Laodikia, kisha nyamazeni kidogo. Na someni mahali ambapo mtu anawahitaji.

Sisi tulisomea sebuleni kwa yule mama. Tulipofika 11:17, "uliyeko na uliyekuwako", alituomba turudie mstari. Yeye ndiye aliyegundua kwamba "atakayekuja" halimo tena.

"Amekwisha kufika," akasema, akamwagiza mjukuu alete kiti kingine.