Gesti ikikosa wageni kwa sababu ya mlipuko, mkataba wa kazi haufi wenyewe

Mkuu, swali lako nimelisoma lote. Una gesti Kasulu, baadhi ya wafanyakazi hawana mkataba wa maandishi, na kuna mtu amekwambia kwamba serikali ikitangaza mlipuko mikataba ya kazi inasimama yenyewe na mwajiri halazimiki kulipa. Unataka kujua kama ni kweli. Si kweli, na nakuomba usiifanyie kazi habari hiyo. Mwaka 2020 nilikuwa msimamizi wa wafanyakazi kwenye hoteli moja ya Kigoma mjini iliyokuwa ikipokea wageni wa Gombe na Mahale, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyashika kwa mikono yangu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Shule zikafungwa, Aprili ndege za kimataifa zikasitishwa, na wageni waliokuwa wameshaweka nafasi wakaanza kudai fedha zao. Burundi na Congo nako mipaka ilifungwa, wafanyabiashara wa Kalemie na Uvira waliokuwa wakilala kwetu wakisubiri mzigo bandarini wakakatika. Lakini ona jambo hili: hakuna aliyetuamuru tufunge hoteli. Mwenye shule binafsi angalau angeweza kusema serikali imefunga mlango wake. Mwenye hoteli au gesti alichopoteza ni wateja, na hapo kisheria pana tofauti kubwa.

Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 56, inasema makubaliano yanabatilika pale jambo lililoahidiwa linapokuwa haliwezekani au limekuwa haramu baada ya mkataba kufungwa. Kulipa mshahara wakati mauzo yameshuka ni kugumu, na mimi najua ugumu wake, lakini kunawezekana. Hata hiyo shule iliyofungwa Machi ilifunguliwa Juni, kwa hiyo mwenye nayo asingesema kazi imetoweka kabisa. Kile kipengele cha matukio yaliyo nje ya uwezo wa pande mbili kinasaidia tu kama kimeandikwa kwenye mkataba wenyewe, na kinasaidia kwa maneno yale yale yaliyoandikwa. Kwa wageni waliolipa malipo ya awali tulikuwa nacho, kikatuokoa: wengi walikubali kusogeza tarehe badala ya kurudishiwa fedha. Kwenye mikataba ya wafanyakazi hakikuwepo, na sidhani kingefaa sana.

Sasa unachoweza kufanya. Cha kwanza ni likizo ya mwaka. Kila mfanyakazi anastahili siku 28 zenye malipo kwa mzunguko wa mwaka, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mwajiri nafasi ya kupanga ni lini zichukuliwe. Kwa hiyo mwenye siku zake unaweza kumpeleka likizo kipindi wageni hawapo, ukamlipa, na ukaja kuwa naye hali ikitengemaa. Sisi tulianzia hapo, na hakuna aliyelalamika.

Likizo bila malipo ni habari nyingine. Huwezi kumtangazia mtu peke yako. Hoteli moja jirani yetu, bosi alituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp usiku: kuanzia kesho kaeni nyumbani mpaka nitakapowaita. Basi. Hakuna barua, hakuna kikao, hakuna tarehe. Wafanyakazi walikaa mwezi, wakaona simu haiiti, wakaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, wakidai wameachishwa kazi isivyo halali. Kwenye shauri la namna hiyo mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki uko kwa mwajiri, na yeye hakuwa na karatasi hata moja ya kuweka mezani. Alimalizana nao kwa kuwalipa, tena wakati ambao hoteli haina kitu. Madai ya kuachishwa hupelekwa Tume ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60, kwa hiyo usidhani ukinyamaza mambo yatapoa.

Sisi tulikaa na watu. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo ya ajira kinasema ukibadilisha masharti ya kazi unashauriana na mfanyakazi, unarekebisha maandishi, na unamjulisha kwa maandishi. Tulikutana kwenye ukumbi wa chakula, wapishi, wahudumu, dobi na walinzi, tukawaonyesha kitabu cha wageni na daftari la mauzo vilivyo. Pendekezo letu lilikuwa kazi kwa zamu, nusu ya siku za mwezi, na mshahara kwa siku ulizofanya, bila kushusha kiwango cha siku chini ya kima cha chini cha sekta. Nilikuwa nimeshaliandika kwenye karatasi. Mama wa dobi aliisoma polepole, akairudisha, akasema: "Dada, hii karatasi haina mwisho. Korona ikikaa miaka miwili?"

Kimya kikapita. Alikuwa amegusa penyewe. Tukaongeza kwamba makubaliano ni ya miezi miwili, yakiisha tunakaa tena, na asipoitwa mtu kikaoni mshahara wake unarudi ulivyokuwa. Kila mmoja akasaini nakala yake na akabaki nayo. Muhtasari wa kikao tuliuandika kwenye kaunta buku, majina na saini za waliohudhuria. Mkuu, hilo daftari lilikuwa na thamani kuliko wakili, kwa sababu lilionyesha tumeshauriana kweli na si kutangaziana.

Hali ilipoendelea kuwa mbaya ikabidi tupunguze baadhi. Hapa watu wengi wanaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sheria hiyo hiyo ya ajira inataka utoe taarifa ya nia ya kupunguza watu mapema kadiri inavyowezekana, ueleze sababu na taarifa zote za maana, halafu mshauriane juu ya mambo matano: sababu zenyewe, kama kuna njia ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda wa kuondoka, na malipo. Mnashauriana na chama cha wafanyakazi kama kipo, na kama hakipo na wafanyakazi wenyewe. Msipokubaliana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi Tume. Usianze na orodha ya majina mfukoni. Watu wanajua upesi kama kikao ni cha kweli au wameitwa kusikiliza hukumu.

Malipo ya kuondoka: mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hakuchukua, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au fedha badala yake, na kiinua mgongo kwa aliyefikisha miezi 12 mfululizo. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 anapata siku 42. Na cheti cha utumishi, usimnyime mtu, ndicho anachokwenda nacho kuomba kazi kwingine.

Halafu kuna jambo ambalo huku kwetu linaumiza kuliko Dar: nauli. Sheria ya ajira inasema mtu uliyemwajiri kutoka mahali pengine, ukimaliza mkataba wake, unamrudisha alikotoka pamoja na vyombo vyake, au unamlipa gharama hizo, au unampa posho isiyopungua nauli ya basi mpaka kituo cha karibu na alikoajiriwa. Na siku anazosubiri kusafirishwa anastahili posho ya kujikimu. Mpishi wetu tulimtoa Moshi. Kutoka Kigoma mpaka Moshi na kitanda, jiko na watoto, hesabu mwenyewe. Kila siku tuliyochelewa kumpa nauli ilikuwa deni linaloongezeka. Wewe gesti yako kama wote ni wa Kasulu na Buhigwe umepona hapo, lakini kama meneja umemleta kutoka mbali, tenga fedha hiyo sasa.

Kuhusu mtu kuugua: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, akileta cheti cha daktari anayetambulika. Ukiwa wewe ndiye umemzuia mtu mzima asije kazini kwa tahadhari, mlipe, maana yeye yuko tayari kufanya kazi. Na tafadhali usiweke jina la mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, huzitawanyi unavyotaka. Vifaa kama maji, sabuni na barakoa ni wajibu wako chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Usimkate mhudumu mshahara kwa ajili hiyo.

NSSF na WCF (mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini) haziingii likizo. Maadamu kuna mshahara unaotoka, michango inaenda nao.

Nimalizie na hao wasio na mkataba wa maandishi, kwa sababu nadhani ndiyo hatari yako kubwa. Usifikiri kukosa karatasi kunakulinda. Sheria inasema mwajiri akishindwa kuleta maandishi ya ajira, kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni juu yake. Mfanyakazi akisema mlikubaliana laki tatu na chakula, wewe ndiye utatafuta ushahidi wa kusema hapana. Andika sasa wakati hakuna mlipuko na mnaelewana: jina, kazi, tarehe ya kuanza, mahali alikoajiriwa, saa, mshahara. Weka na kipengele cha nini kitafanyika wageni wakikatika, kwamba mtakaa, mtaandika, na kutakuwa na tarehe ya mwisho. Ukishaandaa, iweke hapa jukwaani ukificha majina, nitaisoma mstari kwa mstari.