Maswali na Majibu: Kwa nini lesi yangu ya bobini inalegea nikishatoa pini?

SWALI: Najifunza lesi ya bobini, ile inayofumwa juu ya mto wa pini kwa nyuzi zilizoviringishwa kwenye vijiti viitwavyo bobini, aina ya torchon (maumbo yanayochorwa kwenye miraba), huu ni mwezi wa nne. Mto wangu ni bapa, wa povu gumu. Kielelezo nimekichora kwenye miraba ya milimita 2.5: almasi za mshono wa kitambaa, zimezungukwa na wavu. Pini zikiwa bado zimesimama, kazi inapendeza. Nikizitoa, ukingo unaingia ndani kama uliotafunwa, almasi zinakuwa nyepesi kama chachi, na wavu karibu na almasi una matundu yasiyolingana. Nimejaribu kuvuta zaidi, nyuzi zikakatika. Uzi ni wa cherehani. Halafu nimepata mchoro kutoka nchi nyingine, una mistari ya zambarau, nyekundu na kijani tu, bila neno hata moja. Unasomwaje?

JIBU: Kwanza acha kuvuta. Lesi haisimami kwa nguvu ya mkono. Inasimama kwa sababu unene wa uzi umelingana na nafasi ulizozichora. Uzi ukiwa mwembamba kuliko nafasi, pini ndizo zinazoishikilia kazi, na siku ukizing'oa ndipo ukweli unapoonekana. Kwa maelezo yako, nashuku uzi kuliko kitu kingine chochote.

Pima hivi. Chukua rula, weka alama mbili zilizoachana sentimita 1, kisha zungushia uzi katikati ya alama hizo, mizunguko ikigusana bila kubanana wala kupandana. Hesabu. Sasa tazama kielelezo chako: pini za ukingo ulionyooka zimeachana miraba miwili, yaani milimita 5. Ndani ya almasi, jozi inayosafiri (bobini mbili zinazovuka jozi nyingine zote) huenda na kurudi kati ya pini moja na inayofuata upande uleule, na pini hizo zimeachana mraba mmoja kwenda chini. Kwenda na kurudi ni safu mbili, kila safu ina nyuzi mbili, kwa hiyo nyuzi 4 kwa kila mraba na nyuzi 8 kwa milimita 5. Uzi unaozunguka mara 10 hadi 12 katika milimita 5 unazipa nyuzi hizo 8 nafasi ya kupumua bila kuacha uwazi. Hiyo ni mizunguko 20 hadi 24 kwa sentimita. Uzi wako ukitoa 30 au zaidi, kitambaa kitakuwa chachi hata ukifuma bila kosa.

Una njia mbili. Ama utafute uzi mnene zaidi, ama ukipunguze kielelezo kifuate uzi ulio nao. Kwa uzi wa mizunguko 30, mizunguko 12 inachukua milimita 4, basi mraba unakuwa milimita 2. Chapisha kielelezo kwa asilimia 80 na umemaliza. Usishangae ukiona mshindio (nyuzi za jozi inayosafiri) umesongamana kuliko mtande (nyuzi zinazoshuka chini). Katika almasi iliyochorwa kwa pembe ya digrii 45, mtande una jozi moja tu kwa kila mraba, nyuzi 2 dhidi ya 4 za mshindio. Ndiyo sura ya torchon, si kosa lako.

Aina ya uzi nayo ina neno lake. Nyuzi nyingi za cherehani ni poliesta, na poliesta hunyumbuka: unaifuma ikiwa imevutika, ukitoa pini inarudi kwenye urefu wake na ukingo unaingia ndani nayo. Kitani hakinyumbuki na kina ukakamavu wa kushika umbo. Pamba iliyosokotwa vizuri na isiyo na manyoya inafaa pia, na kwa anayeanza ni rahisi zaidi, maana kitani kina vinundu.

Tukija kwenye kuvuta kwenyewe, tatizo huwa ni wakati. Jozi inayosafiri ikifika ukingoni, isokote mara 2, simamisha pini, ipitishe jozi kuizunguka pini, na uanze safu inayorudi kwa kupita jozi ya kwanza. Hapo ndipo unavuta: jozi za mtande kwanza, kwenda chini moja kwa moja kwa migusano midogo, kisha jozi inayosafiri kwenda pembeni mpaka safu ikae mahali pake. Ukivuta kabla pini haijafungwa na mshono unaofuata, unaivuta jozi ya pembeni iingie ndani, na pini inakuwa imesimama katika tundu ambalo uzi hauligusi. Ukiona pini ya ukingo ina mwanya kati yake na uzi, hilo ndilo lililotokea.

Almasi ukiifuma kwa mshono nusu (nitaueleza hapo chini), kumbuka kwamba uzi mmoja tu wa jozi inayosafiri ndio unaovuka safu nzima. Mwenzake unabaki njiani na mwingine unachukua nafasi. Itafute bobini yenye uzi huo na uivute hiyo peke yake. Kuvuta zote mbili kunaupindisha mtande.

Nyuzi kukatika kuna sababu tatu za kawaida. Moja ni kuvuta kwa mshtuko badala ya kuvuta kidogo kidogo. Ya pili ni bobini kubingirika. Kila ikijizungusha, inaulegeza msokoto wa uzi, na uzi uliopoteza msokoto hukatika palepale kwenye pini. Bobini nyembamba za Uingereza hufungwa duara la shanga chini kwa sababu hiyo: shanga huongeza uzito na kuizuia bobini isibingirike. Zako kama ni vijiti vya mviringo visivyo na shanga, zitazame kila baada ya safu chache, na ukiona uzi umefumuka izungushe bobini kurudisha msokoto. Ya tatu ni kuacha uzi mrefu mno kati ya kazi na bobini. Sentimita 7 au 8 zinatosha, na ziwe sawa kwa bobini zote. Uzi ukikatika, chomeka pini nyuma ya kazi, funga uzi mpya kwenye pini hiyo, uandamanishe na mkia wa ule wa zamani kama uzi mmoja kwa sentimita 2 hivi ndani ya mshono wa kitambaa, kisha mikia ikatwe mwishoni. Usifunge fundo katikati ya wavu, litaonekana daima.

Pini zenyewe: za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Pini za kawaida za mshonaji huweza kuacha doa la kutu lisilotoka kwenye kitani. Kaskazini-mashariki mwa Brazili wafumaji wametumia miiba ya mandacaru, mmea wa jamii ya mpungate, na mwiba hauna kutu. Pini za ukingo ziinamishe nje kidogo, za katikati ziinamishe nyuma kidogo, zote zizame angalau nusu ya urefu wake. Povu gumu lina udhaifu mmoja: ukichomeka mahali palepale mara nyingi, matundu yanapanuka na pini inacheza. Ukiitikisa pini kwa kidole na ikasogea, hiyo haiushikilii uzi wako. Geuza mto, au hamisha kielelezo mahali pasipotobolewa. Na usiwe na haraka ya kuzitoa. Acha safu za sentimita 5 nyuma yako zikiwa na pini, na zile za ukingo uziache hata zaidi.

Matundu yasiyolingana pembeni mwa almasi ni suala jingine kabisa, na linaingiliana na mchoro wako wa rangi, kwa hiyo nayajibu pamoja.

Lesi yote ya bobini ina miendo miwili tu. Chukua jozi mbili, bobini nne, uzihesabu kwa nafasi kutoka kushoto: 1, 2, 3, 4. Kuvusha ni kupitisha ya 2 juu ya ya 3. Kusokota ni kupitisha ya 2 juu ya ya 1, na ya 4 juu ya ya 3. Baada ya kila mwendo, hesabu nafasi upya. Tukiandika V kwa kuvusha na S kwa kusokota, mshono nusu ni V-S, mshono wa kitambaa ni V-S-V, na mshono wa kitambaa uliosokotwa ni V-S-V-S.

Mchoro uliopata unatumia rangi zinazoeleweka kwa wafumaji wa nchi nyingi, na ndiyo maana hauna maneno. Kila mstari ni jozi, si uzi mmoja. Wanaoanza hukwama hapo, wanahesabu mistari 12 na kutayarisha bobini 12 badala ya 24. Mistari inapokutana kwa zambarau, fuma V-S-V. Nyekundu ni V-S-V-S. Kijani ni V-S. Vistari vifupi vinavyoukata mstari vinakuambia uisokote jozi hiyo mara za ziada, kistari kimoja kwa msokoto mmoja.

Sasa kosa lako. Wavu wa torchon hufumwa V-S, pini, V-S. Wapo wanaouandika S-V, pini, S-V. Matokeo ni yaleyale, lakini jozi zinatoka kwenye wavu katika hali tofauti. Kwa njia ya kwanza jozi inatoka ikiwa imesokotwa, inaingia kwenye almasi moja kwa moja. Ikitoka kwenye almasi haina msokoto, na lazima uisokote mara 1 kabla ya kurudi kwenye wavu. Kwa njia ya pili ni kinyume: isokote kabla ya kuingia, na ikitoka usiiguse, maana wavu wenyewe unaanza kwa S. Ukichanganya maelezo ya njia mbili, jozi moja inapata misokoto miwili na jirani yake haipati hata mmoja. Chagua njia moja, uishikilie mpaka mwisho wa kipande.

Angalia pia hesabu ya jozi: nusu ya juu ya almasi kila pini inaingiza jozi moja, nusu ya chini kila pini inaacha jozi moja. Almasi iliyovimba chini ina jozi iliyosahaulika ndani.

Ukitazama video za wafumaji wa Idrija nchini Slovenia, ambako shule ya lesi ipo tangu 1876, au za Peniche nchini Ureno na Camariñas nchini Hispania, utaona mto wa mviringo mrefu, bobini zinaning'inia na viganja vimetazama juu. Kule uzito wa bobini unauvuta uzi wenyewe muda wote. Kwenye mto bapa bobini zimelala, viganja vinatazama chini, na kazi hiyo ya kuvuta ni yako. Jifunze mishono kutoka kwao, ila mwendo wa mikono usiuige mpaka uwe na mto kama wao.

Kipande ulichokwisha kufuma usikifumue. Kwa kinachofuata, fuma almasi moja tu ya pini 5 kila upande kwa uzi uliopimwa, iache usiku mzima na pini zake, kisha uzing'oe wima kuanzia mwanzo wa kazi. Ikibaki ileile, tayarisha bobini zilizosalia.